Kuku wa Vidole Vitano



Watu wengi wanaopita karibu na lupango yetu hapa Kolwezi wanasimama na kuangalia kuku wangu. Wengine wanacheka. Wengine wanashika watoto wao mkono na kupita mbio. Swali lao ni moja siku zote: "Pasta, ile ni kuku ao ni kintu gani?" Mwezi huu nataka kujibu swali lile kwa maandishi, mara moja kwa wote. Lakini sitaandika juu ya kuku tu. Kuna mtoto wa avenyu yetu ambaye karibu afukuzwe nyumbani kwao kwa sababu ya kidole, na kuku hawa waliingizwa ndani ya maneno yale. Kwa ajili ya mtoto yule ndiyo nimeshika kalamu.

Ni kuku wa namna gani?

Kwanza ni kuku, si sungura wala paka. Manyoya yake ni laini kama pamba ao kama hariri, ndiyo sababu watu wanamwita kuku wa hariri. Kwa Kiingereza wanasema Silkie. Ukishika unyoya wa kuku wa kawaida na kuutazama karibu, utaona nyuzi zake zimeshikana pamoja, kwa sababu zina vindoana vidogo sana vya kushikana. Unyoya wa kuku wa hariri hauna vindoana vile. Kila uzi unakaa peke yake. Kwa hiyo kuku huyu hawezi kuruka, na mvua ikimpiga anakuwa kama nguo iliyotoka kwenye beseni.

Pili, ngozi yake ni nyeusi, na nyama yake pia, mpaka mifupa. Manyoya yanaweza kuwa meupe kabisa, lakini ukiyafunua unakuta ngozi nyeusi. Masikio yake yana rangi ya buluu. Ana kishungi kichwani na manyoya miguuni. Na tatu, jambo linaloogopesha watu kuliko yote: kuku wa kawaida ana vidole vinne kwa kila mguu, yeye ana vitano.

Damu yake ni nyekundu. Yai lake linafanana na mayai mengine, ila ni dogo. Kulalia mayai ni siku 21 kama kuku wote.

Namna walivyofika kwetu

Tangu mapatano ya mwaka 2008 kati ya serikali yetu na makampuni ya China, Wachina wengi wamekuja upande wetu kwa kazi ya shaba na kobalti. Ndugu mmoja wa kanisa letu alikuwa mpishi katika kambi ya kampuni moja, na nyuma ya jiko wale wageni walifuga kuku wa kwao. Mwaka 2016 mukubwa wake alimaliza mkataba. Kabla ya kurudi kwao alimuachia jogoo mmoja na matetea wawili, wote weupe. Mke wa mpishi alikataa wasilale hata usiku mmoja kwake. "Peleka kwa pasta," akasema, "yeye njo anajua kuombea bitu ya namna ile." Ndivyo walivyoingia katika lupango yetu, ndani ya kartoni ya sabuni.

Kule China kuku huyu si mgeni wala si kitu cha kuogopa. Wanamwita kuku wa mifupa meusi. Mama akizaa, wanampikia supu yake ili apate nguvu. Mganga mmoja wa China, jina lake Li Shizhen, aliandika juu ya kuku wa mifupa meusi katika kitabu chake kikubwa cha dawa kilichochapwa mwaka 1596. Na mbele yake, mwaka 1298, Marco Polo, mfanyabiashara wa mji wa Venice, alisimulia safari zake za Asia akiwa kifungoni, akataja kuku weusi wenye nywele kama za paka, wanaotaga mayai mazuri. Wengi kwao Ulaya walifikiri ni uongo.

Wazungu wenyewe, kuku hawa walipofika kwao, walitunga maneno yao. Inasemekana wauzaji wengine walidanganya watu kwamba ni mtoto wa sungura na kuku. Nawaambia hivi ili mjue kwamba kutunga hadithi juu ya kitu tusichokijua si ugonjwa wa Kolwezi peke yake. Kila watu wana hadithi zao. Kazi yetu ni kuuliza: kweli yake iko wapi?

Kaye yangu

Mimi nilisoma shule ya Biblia, sikusoma mambo ya mifugo. Lakini nina kaye. Tangu siku ya kwanza ninaandika: tetea gani, jogoo gani, mayai mangapi, yameanguliwa mangapi, vidole vingapi, ngozi ya namna gani. Kila kifaranga ninamfunga uzi wa rangi mguuni, na ninaubadilisha anavyokua ili usimkate.

Kuku watatu ni wachache. Ukizalisha ndugu na ndugu miaka na miaka, vifaranga wanakuwa dhaifu, mayai mengine hayaanguliwi. Kwa hiyo nilitafuta damu mpya. Mwaka 2017 nilichukua tetea wetu wa kienyeji, mwenye miguu ya manjano, tetea aliyebaki hai wakati ugonjwa wa Newcastle ulipomaliza kuku wa kartiye yetu. Nikamweka na jogoo wa hariri.

Vifaranga 11 walitoka. Wakaota manyoya, na wote wakawa na manyoya ya kawaida! Hakuna hata mmoja wa hariri. Lakini karibu wote walikuwa na vidole vitano. Na walipokua kidogo, tukaona jambo la ajabu zaidi: majike walikuwa na ngozi nyeusi kama baba yao, na madume walikuwa na ngozi nyeupe-nyeupe kama mama yao.

Maneno yakaanza kwenye kisima. "Unaona? Ile roho inaingiaka mu banamuke tu." Mama mmoja aliniambia nichinje wote na kuchoma kibanda.

Sikuchoma kitu. Nilimwendea munganga mmoja wa mifugo, naye akanifundisha. Alianza na Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, aliyepanda njegere katika bustani na kuzihesabu, akaandika matokeo mwaka 1866. Kila kiumbe cha namna yetu kinapokea urithi mara mbili, sehemu moja kwa baba na sehemu moja kwa mama. Kuna urithi wenye kushinda, na kuna urithi wa kujificha. Manyoya ya hariri ni urithi wa kujificha: lazima kifaranga aupate pande zote mbili ndipo uonekane. Kidole cha tano ni urithi wenye kushinda: upande mmoja unatosha, ingawa mara chache haonyeshi.

Na ile ngozi nyeusi ya majike? Munganga alicheka, akasema swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani. Waingereza wawili, Bateson na Punnett, waliandika juu yake mwaka 1911, wakitumia kuku wa hariri hasa. Tetea wetu wa miguu ya manjano anabeba kizuizi kinachokataza weusi kukaa ndani ya ngozi. Kwa kuku, kizuizi kile kinatembea pamoja na urithi wa kuwa dume ao jike. Mama anakipitisha kwa watoto wake madume. Watoto majike hawakipati kwake. Kwa hiyo majike wanabaki na weusi wa baba, na madume wanazuiwa. Ukigeuza, ukaweka jogoo wa miguu ya manjano na tetea wa hariri, watoto wote, majike na madume, watatoka wa ngozi ya kung'aa.

Sasa niambieni, ndugu zangu: roho gani inayofuata hesabu namna ile?

Mwaka uliofuata niliweka pamoja wale wa kizazi cha kwanza, dume mmoja na majike watatu. Kwa hesabu ya Mendel, kifaranga mmoja kati ya wanne angekuwa wa hariri. Walitoka 22. Wa hariri walikuwa sita. Mke wangu aliposikia ninahesabu kwa sauti kibandani akasema, "Baba, leo unaonekana kama mutoto wa shule aliyepata bulletin ya muzuri." Ilikuwa kweli. Manyoya yale yalikuwa yamejificha kizazi kizima, kumbe yalikuwamo.

Leo wenye elimu wameingia ndani zaidi. Mwaka 2011 walionyesha kwamba weusi wa kuku huyu unatokana na kipande cha urithi kilichoandikwa mara mbili, na kwamba kuku weusi wa Indonesia, wa Vietnam na wa Sweden wana badiliko lile lile. Mwaka 2014 walionyesha kwamba manyoya ya hariri yanatokana na badiliko la herufi moja tu katika maandishi marefu ya urithi. Herufi moja! Si kitu cha usiku. Ni kama pale kijana anapoandika barua na kukosea herufi, neno linasomeka kwa namna nyingine.

Namna ninavyochagua

Vijana wengi wananiuliza namna ya kuchagua kuku wa kuzalisha. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Yakobo na mbuzi wake wa madoa. Kazi ya kuchagua si mpya. Haya ndiyo ninayofuata:

Ninangoja. Kuku wa hariri ni vigumu kumjua kama ni dume ao jike. Wengine unawajua tu wakiwika ao wakitaga, baada ya miezi sita hivi. Anayechagua mapema anachinja tetea wake mzuri akifikiri ni jogoo.

Ninaangalia afya mbele ya uzuri. Kuku asiyetembea vizuri, anayekohoa, anayebaki nyuma wakati wa kula, hatazaa kwangu, hata kama kishungi chake ni kama ua.

Ninaangalia umama. Kuku wa hariri si wa mayai mengi. Ukipata 100 hivi kwa mwaka, shukuru. Faida yake ni kulalia. Analalia mayai yake na ya wengine: ya kuku wa kienyeji siku 21, ya kanga siku 26 mpaka 28, wala hachoki. Nyumbani kwetu matetea wa hariri ndio mashine yetu ya kuangulia, nayo haitaki umeme. Tetea anayeacha mayai katikati simzalishi tena.

Ninaangalia kichwa. Hapa vijana msikie vizuri. Kishungi kikubwa kinapendeza, na huko nje wafugaji wengi wamechagua vishungi vikubwa zaidi na zaidi. Lakini mara nyingi kishungi kinakuja pamoja na kinundu chini yake, mahali ambapo mfupa wa kichwa haufungi sawasawa. Kifaranga wa namna hii akidonolewa hapo mara moja tu anaweza kufa ao kupotewa na akili. Tena kishungi kikifunika macho, kuku haoni kipanga akishuka. Kwa hiyo mimi ninachagua vishungi vya kiasi. Mtu akichagua kwa ajili ya macho yake tu, kuku ndiye anayelipa.

Ninawalinda na maji na baridi. Kibanda chao kina bati zima, majani makavu chini, na fito za kulalia ziko chini kabisa kwa sababu hawaruki. Mwezi wa sita na wa saba baridi yetu ya usiku inauma; ninafunga upande wa upepo kwa magunia. Dawa ya kuzuia Newcastle, tone moja kwenye jicho, kila miezi mitatu ao minne, bila kusahau. Chakula ni pumba za mahindi, mabaki ya bukari, majani, na ndakala za kusaga nikiwa na franga. Wakati wa mvua watoto wananiletea mchwa.

Mtoto wa avenyu yetu

Kati ya watoto walioleta mchwa kulikuwa msichana mmoja wa miaka minane. Alikuwa hodari kuliko wote. Alijua kila kuku kwa uzi wake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kidole cha sita, kidogo, pembeni ya kidole cha mwisho. Hakukificha. Alikitumia kuhesabu: "Pasta, leo mayai ni kumi na moja, mikono yangu imeenea!"

Mwaka 2019 nyumba yao iliingia katika taabu. Baba alipoteza kazi kwenye mgodi. Miezi miwili baadaye ndugu yake mdogo alikufa kwa malaria. Msiba ulipokwisha, mjomba mmoja akapeleka jamaa kwenye chumba cha maombi, na mwenye chumba kile akaona kidole. Akasema ndicho kinachokula franga ya baba, ndicho kilichokula mtoto. Akataka mtoto afungiwe bila chakula siku saba, na jamaa walete malipo. Kama haikusaidia, atoke nyumbani.

Mama yake alikuja kwangu usiku, analia. Nikamwambia: kesho jioni leta watu wote wa jamaa kwangu. Wote. Hata mjomba. Hata bibi.

Walikuja watu tisa. Mjomba hakutaka kukaa. Alisimama mbele ya kibanda, akanyosha mkono: "Muangalie benyewe. Kuku ya vidole vitano, mutoto ya vidole sita. Kila siku iko hapa. Munataka tuone nini tena?"

Nilikuwa nimejua atasema vile. Nikaleta kaye na kuku wanne. Nikawaonyesha baba mwenye vidole vitano na mama wa kienyeji mwenye vine, na watoto wao. Nikawaambia wahesabu wenyewe. Kijana mmoja alishika taa, wengine wakahesabu. Nikawauliza: "Huyu mama wa vidole vine mlimjua, alikuwa wa jirani yetu. Alizaa watoto wa vidole vitano. Alikuwa mchawi?" Hapana. "Vidole vilitoka wapi?" Kwa jogoo. "Basi sasa tuulize vya mtoto vilitoka wapi."

Kukawa kimya. Ndipo bibi, mama wa baba, akaomba kiti. Akamwambia mwana wake: "Leta mikono." Akaigeuza kwenye mwanga. Pembeni ya kila kidole cha mwisho kulikuwa alama ndogo, kama kovu la punje ya mchele.

"Mi njo nilifunga uzi," bibi akasema. "Ulizaliwa na vidole sita ku mikono yote mbili. Bamama ba kwetu banafungaka na uzi, siku chache binaanguka. Sikukuambia juu haikukuwa maneno. Babayako naye alikuwa na ile alama. Sasa wewe hauko mulozi, babayako hakukuwa mulozi. Mutoto anatosha wapi bulozi?"

Mwanaume yule alikuwa na miaka thelathini na kitu. Alikuwa hajawahi kuuliza kovu lile ni la nini. Alikaa chini, akamwita mtoto, akaweka mkono wake karibu na mkono wake.

Mjomba akasema, "Na kazi yake? Na mutoto aliyekufa?"

Ni swali la haki, na lazima lijibiwe kwa kweli vilevile. Mwanzo wa mwaka 2018 tani moja ya kobalti iliuzwa zaidi ya dola 90,000. Katikati ya 2019 ilikuwa chini ya dola 30,000. Kazi nyingi zilisimama upande wetu kwa sababu hiyo, na wanaume wengi wenye vidole kumi walirudi nyumbani siku ile ile pamoja naye. Na malaria inaletwa na mbu. Mtoto yule mdogo alilala bila chandarua, na walimpeleka kwa munganga siku ya nne ya homa. Nilisema hayo polepole, maana mama yake alikuwa palepale, na sikutaka kumtwika mzigo mwingine. Lakini mzigo wa uongo ulikuwa umewekwa juu ya mtoto wa miaka minane, na mtoto hawezi kuubeba.

Nikawakumbusha tena mambo mawili. Katika kitabu cha pili cha Samweli kuna mtu wa vidole sita kwa kila mkono na sita kwa kila mguu. Biblia inahesabu vidole vyake 24, haisemi mahali popote kwamba vilikuwa vya uchawi. Na Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kusingizia mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 nayo inaadhibu jambo hilo. Mjomba aliposikia neno sheria akachukua kofia yake. Hakuaga. Mpaka leo hapiti kwetu. Siwezi kusema moyo wake uligeuka. Lakini usiku ule mtoto alilala kwao, akala bukari pamoja na wengine.

Kuku na mtoto si kitu kimoja

Sasa neno langu la mwisho, na ndilo ninalotaka mlishike.

Mtu anaweza kuniambia: "Pasta, wewe mwenyewe unachagua. Kuku wa kasoro unampeleka sufuriani. Kwa nini unakataza wengine?" Ninajibu hivi. Ndani ya kibanda mimi ni mfugaji. Ninasema huyu abaki, huyu aende. Kuku nimemfuga kwa faida ya nyumba. Lakini kuvuka mlango wa nyumba, madaraka yale yanakwisha. Mtoto hakufugwa. Hakuna baba, mjomba, wala mwenye chumba cha maombi, aliyepewa kaye ya kuandika mtoto gani abaki na gani aende. Kuku ninachagua, mtoto ninapokea.

Wazazi, mtoto akizaliwa na alama, ao kidole, ao nywele nyekundu, ao ngozi isiyofanana na yenu, fanyeni kama mfugaji mwenye akili: msikimbilie hofu, ulizeni kwanza ukoo. Waulizeni bibi na babu wakiwa bado hai, maana wanajua mambo ambayo hawakuyasema "kwa sababu hayakuwa maneno". Kidole cha sita cha upande wa kidole cha mwisho hutokea mara nyingi zaidi kwa sisi Waafrika kuliko kwa watu wengine, na mara nyingi kinapita katika jamaa. Wala msifunge uzi wenyewe: kama ndani kuna mfupa, kinaweza kuoza na kuleta damu. Mpelekeni mtoto kwa munganga, yeye ataangalia na kusema kama kinatolewa ao kinaachwa.

Na jambo hili lilinishangaza nilipolisikia: kidole cha tano cha kuku wa hariri kinatokana na badiliko katika sehemu ndogo ya urithi inayoongoza namna mkono na mguu unavyojengwa. Kwa watu wengine wanaozaliwa na kidole cha ziada upande wa kidole gumba, wenye elimu wamekuta mabadiliko katika sehemu ile ile, na kwa paka wengine pia. Kuku, paka na mtu, mkono wao unajengwa kwa maandishi yanayofanana. Kidole cha mtoto wetu ni cha upande mwingine, lakini njia ni moja: kimetoka kwa baba na mama, mchana kweupe.

Yule msichana sasa yuko sekondari. Kidole chake bado anacho. Munganga alisema hakimzuii kitu, naye alikataa kukitoa. Nilimpa tetea wawili wa hariri na jogoo asiye ndugu yao. Ana kaye yake mwenyewe, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Ninyi vijana mnaotaka kuanza, njooni mwone. Sitauzia mtu jogoo na tetea wa mama mmoja. Na kila anayekuja namwomba alete kitu kimoja kutoka nyumbani: kaye mpya na kalamu.